Kati ya Nyumba na Shule: Mazingira ya Jamii na Familia katika Afya ya Akili ya Mwanafunzi Kijana

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza jinsi watu na mahali panapomzunguka mwanafunzi wa sekondari wanavyoijenga au kuibomoa afya yake ya akili. Mifano mingi ni ya Tanzania, na michache ni ya Kenya, ambako jambo hili limechunguzwa kwa mapana. Dai lenyewe litasemwa mapema, ili anayetaka kulipinga aanze kujiandaa: kijana wa leo hana upungufu wa watu wa kumwamuru, kumpima na kumwadhibu. Anachokosa ni mtu mzima wa kumsikiliza ambaye hakushika fimbo wala ripoti ya matokeo.

Kijana anayezungumziwa ni mwenye miaka 10 hadi 19, ambayo ndiyo mipaka ya rika balehe kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri huo duniani ana ugonjwa wa akili wa aina fulani. Takwimu za nchi moja moja hupanda na kushuka, na sababu kubwa ni kipimo kinachotumika. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2022, uliohusu vijana wa miaka 10 hadi 17, ulikuta asilimia 44.3 wamepata tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, lakini waliofikia kiwango cha ugonjwa walikuwa asilimia 12.2. Kwa Tanzania, Mabula Nkuba na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti wa wanafunzi 700 wa sekondari; asilimia 41 kati yao walikuwa na dalili zilizozidi kawaida.

Tatizo na ugonjwa visichanganywe. Mwanafunzi asiyepata usingizi wiki ya mtihani ana tatizo. Yule ambaye mtihani umekwisha, majuma yamepita, na bado halali, hali vizuri, haoni sababu ya kuamka, huenda ana sonona. Wa kwanza anahitaji watu. Wa pili anahitaji watu na hospitali. Mhadhara huu unahusu watu.

Mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliyapanga mazingira ya mtoto kwa tabaka. Ndani kabisa ipo nyumba, lipo darasa. Tabaka linalofuata ni uhusiano wa nyumba na darasa: je, vinasemezana au vinategeana? Nje zaidi ipo kazi ya mzazi, zipo sheria na bajeti ambazo mtoto hazioni ila humfikia. Kwa kawaida mijadala yetu huishia tabaka la kwanza, mwalimu akimlaumu mzazi na mzazi akimlaumu mwalimu. Hoja tano zinazofuata zinajaribu kwenda mbele ya hapo. Hazilingani kwa urefu, kwa sababu hata uzito wake haulingani.

Hoja ya kwanza: Kijana huugua kwa namna mazingira yake yanavyomruhusu

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na misheni kijijini Kashasha, wilaya ya Bukoba ya wakati huo, wasichana watatu walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kikaenea. Shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Mmoja aliweza kushikwa kwa saa chache, mwingine hadi siku 16, kicheko kikipokezana na kilio, hofu na kukimbia ovyo. Wasichana waliporudishwa makwao, hali ile ikasafiri nao: Nshamba, kijiji walikotoka baadhi yao, watu 217, wengi wao vijana, walipatwa katika Aprili na Mei. Shule ikafunguliwa Mei 21, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, hawakupata kijidudu wala sumu.

Kisa hiki husimuliwa mpaka leo kama kichekesho, na hapo ndipo kinapoharibiwa. Wasichana wale hawakuwa na furaha yoyote. La kuangaliwa ni nani hakupatwa: hapakuwa na mwalimu hata mmoja. Waliopatwa ni wasichana wa miaka 12 hadi 18, waliotengwa na nyumba zao, chini ya utaratibu mkali wa bweni, wakati matarajio ya nchi nzima yamepanda kwa sababu uhuru ulikuwa haujatimiza hata miezi miwili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ule ulikuwa msongo wa pamoja uliopata njia ya kutokea mwilini. Mtoto ambaye hawezi kusema amechoka bila kuitwa mvivu, wala kusema anaogopa bila kuambiwa aache utoto, mwili wake humsemea.

Walimu waliopo hapa wanakijua kisa hiki kwa sura nyingine. Msichana anaanguka mstarini asubuhi, anapiga kelele, wanafuata watano, wanafuata kumi. Uongozi unaita viongozi wa dini waje kukemea mapepo. Mhadhara hauji kugombana na imani ya mtu. Unauliza jambo moja: maombi yakishakwisha, nani amekaa na yule aliyeanguka wa kwanza akamuuliza nyumbani kukoje?

Wavulana huonekana kwa njia nyingine, nayo ni ghali zaidi: utoro, bangi, ugomvi, na kwa Kenya, moto wa mabweni. Mwaka 2016 pekee zaidi ya shule mia moja za Kenya zilikumbwa na moto, mwingi ukiwashwa na wanafunzi wenyewe, na mwingi katika muhula wa pili, mitihani ikinusa mlangoni. Serikali ilizungumza zaidi juu ya wahalifu na wachochezi. Ni kweli kwamba kuchoma bweni ni uhalifu. Lakini uhalifu unaokuja kwa msimu, kila mwaka, katika aina moja ya shule, unaeleza pia habari za hizo shule.

Hoja ya pili: Nyumba humfuata mwanafunzi hadi kwenye dawati

Ianze fedha, maana mara nyingi huachwa kwa kuonekana si jambo la akili. Serikali ya Kenya ilipoanza kuzipatia kaya zenye yatima na watoto walio katika mazingira magumu fedha taslimu, watafiti walirudi baada ya miaka kadhaa kuwapima vijana wa miaka 15 hadi 24. Taarifa ya mwaka 2016 inaonyesha kwamba katika kaya zilizopokea, uwezekano wa kijana kuwa na dalili za sonona ulikuwa umepungua kwa asilimia 24. Hao hawakupewa kidonge wala kikao cha ushauri. Kaya ilipata kitu, na hofu ya kaya ikapungua.

Nshamba ileile ya kicheko cha 1962 inatoa mfano wa pili. Ukimwi ulipopita Kagera, bibi na babu wengi walibaki na wajukuu. Tangu mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee umekuwa ukiwalipa wazee hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilibeba katika kichwa chake vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Sabuni hapo si usafi tu. Mwanafunzi mwenye shati moja, lililofuliwa kwa maji matupu na kuvaliwa siku tano, anajua fika kwa nini mwenzake amesogea pembeni mwa dawati. Hanyooshi mkono mwalimu akiuliza swali, kwa sababu kunyoosha mkono ni kuinua kwapa. Mwishoni mwa muhula ripoti itaandika kwamba hashiriki darasani.

Ugomvi ni habari nyingine, nao hauchagui tajiri wala maskini, ingawa kuta za chumba cha kupanga humsikilizisha mtoto zaidi kuliko kuta za nyumba kubwa. Mtoto wa mlevi hujifunza kupima hatua za baba akiwa bado yuko uchochoroni: leo anatembea vipi, mlango ameufunguaje. Ni elimu ya hali ya juu, na inachukua nguvu zote. Mwili uliozoea kukaa macho namna hiyo haurudi katika utulivu kwa sababu tu kengele ya kipindi cha kwanza imelia. Mtoto huyo akiguswa bega kwa ghafla na mwenzake anarusha ngumi, naye anaandikwa mkorofi.

Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 uliwauliza vijana yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke, mijeledi au kutishiwa silaha. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Mara nyingi mtendaji alikuwa mtu anayefahamika. Darasa la wanafunzi 60 likitazamwa kwa takwimu hizo, haliwezi kutazamwa tena kama darasa la watoto wasio na historia.

Yupo pia mtoto wa kulelewa, ambaye takwimu hazimwoni vizuri. Ametolewa kijijini akae kwa mjomba au kwa baba mdogo mjini, karibu na shule nzuri. Mara nyingi ni wema mtupu, na wengi waliomo ukumbini wamesoma kwa njia hiyo. Lakini yupo ambaye huamka wa kwanza kufagia, hulala wa mwisho baada ya vyombo, na hulinganishwa na binamu yake kila matokeo yanapotoka. Hawezi kulalamika. Atalalamika kwa nani, na ugali anaokula ni wa mjomba? Akipiga simu nyumbani, mama anamwambia avumilie, kwa sababu mama naye hana pa kumrudisha.

Mwisho wa hoja hii ni mzigo unaobebeshwa kwa mapenzi: "Wewe ndiye tegemeo letu." Mzazi anasema hivyo kumtia moyo. Mtoto wa kidato cha tatu anayesikia kwamba ada za wadogo zake wanne zinasubiri ufaulu wake hatiwi moyo. Anaogopeshwa, na hana ruhusa ya kuonekana ameogopa.

Hoja ya tatu: Njia ya kwenda shule, na shule yenyewe

Tangu Januari 2016 elimu ya serikali hadi kidato cha nne haina ada, na shule za kata zimeileta sekondari karibu kuliko ilivyokuwa kabla ya mwaka 2004. Hayo ni mafanikio yasiyobishaniwa. Hata hivyo, "karibu" kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam ni daladala mbili. Mwili wa kijana aliyebalehe huchelewesha usingizi kwa maumbile yake; haji kulala saa mbili usiku hata ukimwamuru. Wataalamu wanashauri apate saa 8 hadi 10 za usingizi. Anayelala saa tano usiku baada ya kazi za nyumbani na kuamka saa kumi alfajiri amepata saa 5, na hiyo ni kwa siku tano za wiki.

Kituoni kuna somo lake la kwanza la siku. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo konda anawahesabu kama hasara. Gari linasimama mbele kidogo ya kituo ili wasiliwahi, au linawachukua wawili na kuwafungia wengine mlango. Msichana wa kidato cha pili anayesukumwa chini mlangoni mara tatu kwa asubuhi moja, na kisha kufika shule amechelewa na kukuta mwalimu wa zamu getini, amekutana na watu wazima wanne kabla ya kipindi cha kwanza, na wote wamemwona kero. Wa tano ni kijana wa bodaboda, ambaye anampa lifti bure, anamuuliza amelalaje, anakumbuka jina lake. Wanaoshangaa kwa nini wasichana "wanarubuniwa kwa chipsi na lifti" wangeanza kwa kusimama kituoni hapo saa kumi na moja alfajiri.

Vijijini shida hiyo huitwa geto. Shule iko mbali, hosteli hakuna au imejaa, wazazi wanampangia mtoto chumba karibu na shule na kumletea unga na maharage mwisho wa wiki. Mtoto wa miaka 14 anakuwa mkuu wa kaya. Wapo wanaokomaa kwa njia hiyo. Wapo wanaozama, na hakuna aliyepo jioni kuona kwamba ameacha kupika.

Ndani ya shule, pigo la kwanza ni lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali. Januari ya kidato cha kwanza, karibu kila somo linageuka Kiingereza. Aliyekuwa akijibu kila swali ananyamaza. Mabishano ya lugha ya kufundishia yana ukumbi wake, na jioni hii si yake. Kwa afya ya akili inatosha kusema kwamba mwanafunzi anapoteza sauti yake katika mwaka uleule ambao mwili wake unabadilika, marafiki wake wametawanyika na walimu wake ni wapya. Baadhi ya shule huongeza adhabu kwa anayesikika akisema Kiswahili, hata uwanjani. Huyo amefungwa mdomo pande zote mbili.

Kisha kuna fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko, kama zilivyotolewa upya mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne. Atoe mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe kitabuni. Walimu watacheka hapa, na wana haki ya kucheka. Wote tunaijua fimbo inayotembea korido nzima bila kitabu. Kenya iliifuta adhabu hiyo shuleni mwaka 2001, na desturi haikufa siku hiyo. Hoja haiko kwenye maumivu ya kiboko kimoja. Iko kwenye jambo ambalo tafiti za Tanzania zimelirudia: kadiri mtoto anavyoadhibiwa kwa ukali nyumbani na shuleni, ndivyo dalili zake za hofu, huzuni na ukorofi zinavyozidi. Mwalimu anachapa ukorofi, ukorofi unaongezeka, anachapa zaidi.

Matokeo ya mitihani nayo hubandikwa ubaoni, wa kwanza hadi wa mwisho, jina kwa jina. Wa mwisho anapaswa kupita mbele ya ubao huo kwenda chooni. Ni haki kutaja kwamba Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Shule nyingi bado hazijafanya hivyo katika ubao wao.

Hoja ya nne: Mtu wa kati ameondoka, na nafasi yake haikujazwa

Hii ndiyo hoja iliyobeba nyingine. Jamii nyingi za Afrika Mashariki hazikutegemea kwamba mzazi aweze kuzungumza na kijana wake aliyebalehe mambo yote. Zilijua kwamba heshima kati yao inazuia. Kwa hiyo ziliweka mtu wa kati. Pwani, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, mwanamke asiye mama yake, ambaye angemfundisha na kutunza siri zake maisha yote. Kwa Wabaganda kazi hiyo ni ya ssenga, shangazi. Mvulana alikuwa na mjomba, na wajukuu walilala kwa bibi, ambaye angeweza kuulizwa lolote kwa utani. Sifa ya watu hawa wote ni moja: waliheshimika kama wakubwa, lakini hawakuwa wao wa kutoa adhabu. Kijana aliweza kukiri kosa kwao kabla halijafika kwa baba, nao wakalipeleka kwa baba likiwa limepoa.

Mfumo huo usipakwe rangi kupita kiasi. Somo aliyesikiliza ndiye pia aliyemwandaa binti wa miaka 15 kuolewa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu ndoa hiyo kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilipinga vifungu hivyo mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hakuna anayependekeza kurudi kule. Kinachopendekezwa ni kuiangalia nafasi ile, kwa sababu imebaki tupu. Shangazi yuko Mwanza na familia iko Kibaha. Bibi anasalimiwa kwa simu mara moja kwa wiki, mama akiwa amekaa pembeni anasikia.

Shule ilitakiwa kuijaza. Miongozo inataja mwalimu wa malezi na unasihi, zipo nafasi za patroni na matroni. Lakini hesabu ya shule nyingi ni hii: mwalimu mmoja, vipindi thelathini kwa wiki, ofisi moja ya pamoja yenye walimu kumi na wawili ambako "faragha" ni kuinama na kunong'ona. Na mara nyingi mwalimu wa unasihi ndiye huyohuyo wa nidhamu, kwa kuwa zote mbili zinaitwa malezi. Mwanafunzi si mjinga. Mtu anayemuuliza asubuhi taratibu ana tatizo gani, na mchana anamchapa kwa kuchelewa, hatapata jibu la kweli.

Ni kazi inayohitaji utaalamu mkubwa? Ushahidi wa Kenya unapunguza hofu hiyo. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Tom Osborn, huwafunza vijana wasio wataalamu, waliomaliza sekondari, kuendesha vikao vya makundi shuleni: vikao vinne, kila kimoja saa moja. Havizungumzii ugonjwa. Vinazungumzia kushukuru, mambo ambayo mtu anayathamini, na imani kwamba uwezo hukua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 liliwahusisha wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Waliohudhuria vikao hivyo walipata nafuu kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea kwa muda uleule. Mtu wa kati, kumbe, anaweza kuwa kaka au dada aliyemaliza shule juzi, mradi asiwe hakimu.

Wa kulipima jambo hili upo mfano ulio karibu. Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliwafungulia milango ya shule wasichana walioacha masomo kwa ujauzito. Uamuzi huo ulikuwa wa maana kubwa. Sasa msichana wa miaka 17 anaingia kidato cha pili, amemwacha mtoto kwa mama yake, maziwa yanamjaa kifuani kufikia saa nne. Uamuzi huo unamruhusu kukaa darasani. Hausemi ni nani atakayewaambia wenzake wasimwite "mama" kwa kejeli, wala ni nani ataelewa kwa nini ameomba ruhusa ya kutoka mara ya pili.

Hoja ya tano: Simu

Simu imepewa lawama kubwa kuliko stahili yake. Inaiba usingizi, na matusi ya darasani sasa yanaendelea usiku katika makundi ya WhatsApp. Hayo ni kweli na yanatosha kuifanya ikae sebuleni wakati wa kulala. Lakini mtoto anayemwambia mgeni wa mtandaoni mambo ambayo hakumwambia mtu wa nyumbani ametoa taarifa kuhusu nyumba pia.

Yaliyo mbele

Wakuu wa shule wanaweza kuanza bila kusubiri bajeti: kutenganisha mwalimu wa unasihi na mwalimu wa nidhamu, wawe watu wawili tofauti na wanafunzi watangaziwe hivyo mstarini. Kikao cha wazazi kitengewe nusu saa isiyo ya michango wala matokeo. Ubao wa matokeo ung'olewe. Kila mwanafunzi apewe alama zake mkononi. Wazazi nao wachague, mtoto akiwa anajua, ndugu au jirani mmoja anayeaminika ambaye kijana anaweza kumwendea bila habari kurudi nyumbani kama mashtaka.

Pale ambapo tatizo limekuwa ugonjwa, njia ni afisa ustawi wa jamii, hospitali ya wilaya, na kutoka hapo rufaa hadi Muhimbili au Mirembe. Namba ya bure ya simu kwa mtoto ni 116. Mwanafunzi anayesema amechoka kuishi aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na asiachwe peke yake mpaka amefikishwa kwa mtaalamu. Familia nyingi huficha jambo hili kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yake ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba. Wanasheria waliopo ukumbini wanaombwa kuisoma hukumu hiyo.

Na kuna tarehe ya kuwekwa kwenye kalenda. Kwa mfumo mpya wa elimu, walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na kundi la mwisho la darasa la saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na moja kati yake litakuwa dogo kwa mwaka mzima kuliko tulivyozoea: watoto wa takriban miaka 12, wakibadilisha lugha, wakipanda daladala zilezile. Madarasa na madawati yao yameanza kuhesabiwa. Idadi ya watu wazima watakaowasikiliza ingeweza kuwekwa katika jedwali hilohilo, safu moja baada ya ile ya matundu ya vyoo, na bodi za shule zikaulizwa kila muhula imefikia ngapi. Mwenyekiti sasa anakaribisha maswali, na wanafunzi wanaombwa watangulie.